Kizuri Chajiuza: Leso, Simu na Neno Lisilorudi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imefundishwa madarasani miaka nenda miaka rudi kana kwamba maana yake haina utata: bidhaa njema haihitaji mnadi. Hata hivyo, auzaye sokoni anajua jambo ambalo afundishaye huenda akalisahau. Kizuri hakijiuzi kikiwa kimefungiwa kabatini. Hujiuza kwa sababu yupo aliyekiona kwa mwenzake, akakiulizia, akaelekezwa, akaenda. Kinachosemwa kimejiuza, kwa hakika, kimeuzwa na vinywa vya watu wasiolipwa. Kisa cha binti mmoja wa Mombasa kinahusu vinywa hivyo, pamoja na simu ambazo siku hizi zimegeuka vinywa vya pili.

Binti huyu alikuwa amehitimu chuo kikuu katika Kiswahili, na kama wengi wa rika lake, alirudi nyumbani na shahada mkononi kungoja kazi ambayo haikuja. Mamaye alikuwa na kiduka cha leso si mbali na Mtaa wa Biashara. Biashara ya leso hutegemea watu wakutanapo: harusi, arubaini ya mzazi, matanga, safari. Serikali ilipozuia mikusanyiko mwezi wa Machi mwaka 2020, kiduka kilinyamaza. Mwaka uliofuata, hata baada ya milango kufunguliwa, wateja walirejea mmoja mmoja kama ndege walioogopeshwa. Kodi ya miezi sita ilikuwa haijalipwa, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubisha mara mbili. Binti akaazimia kuuza kwa simu.

Jaribio la kwanza lilimtia aibu. Alipiga picha za doti zote zilizokuwa rafuni, akaandika bei na namba ya simu, kisha akazituma katika kila kikundi alichokuwamo: cha ukoo, cha waliosoma pamoja, cha majirani, cha msikitini. Alituma asubuhi, akarudia jioni, akafanya hivyo juma zima. Hakuna aliyenunua. Watu kadha walijitoa vikundini, na shangazi yake mmoja akampigia simu kumwambia kwa upole, “Mwanangu, hodi hubishwa mara tatu. Ya nne ni fujo.” Zaidi ya adabu, hapo pana sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kutumia taarifa binafsi za watu kwa madhumuni ya biashara bila ridhaa yao, na namba ya simu iliyookotwa kikundini ni taarifa ya mtu. Binti hakuijua sheria hiyo wakati huo. Alichokijua ni kwamba alikuwa amefanya hasa kile ambacho methali ilikikemea: alikuwa akijitembeza.

Mamaye, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, alimwonyesha kosa lake pasipo kumhubiria. Mteja mmoja aliingia dukani, naye mama hakumtajia bei wala hakumsifia rangi. Alilitandaza pindo la leso, akalisoma jina lake kwa sauti, kisha akamwuliza mteja, “Hii ungempa nani?” Mteja akacheka, akatafakari, akamtaja wifi yake. Akainunua. Alipokwisha kuondoka, mama akamgeukia bintiye: “Leso haimtafuti mwenye pesa. Yamtafuta mwenye jambo.”

Kauli hiyo ilimrudisha binti kwenye mambo aliyokuwa ameyasoma na kuyasahau. Leso, au kanga kama iitwavyo kwingineko, si kitambaa tu. Ina pindo linaloizunguka, ina mji wa katikati, na juu ya pindo la chini ina maneno, ambayo wenyewe huyaita jina. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Abdulla, alifungua biashara yake Mombasa mwaka 1887, na aghalabu yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kutia semi za Kiswahili katika leso. Hapo awali maneno yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Leso zake zilibeba pia alama ya “Mali ya Abdulla”. Hebu msomaji azingatie ufundi wa jambo hili. Kila mwanamke aliyejifunga leso ile na kupita njiani alikuwa akitembea na jina la mwuzaji. Hakulipwa hata senti. Badala yake alikuwa amelipa yeye, tena kwa hiari, kwa kuwa leso ilimpa kitu alichokihitaji: njia ya kusema neno bila kufungua kinywa.

Zaidi ya karne moja baadaye, vijana wawili huko Marekani waliipata hila hiyohiyo kwa njia nyingine. Tarehe 4 Julai mwaka 1996, Sabeer Bhatia na Jack Smith walizindua Hotmail, huduma ya barua pepe isiyotozwa malipo. Hawakuwa na fedha za kununua matangazo makubwa. Mmoja wa waliowekeza kwao, Tim Draper, akashauri kwamba chini ya kila barua itakayotumwa paongezwe mstari mfupi wa kumwarifu mpokeaji kuwa naye anaweza kupata anwani kama hiyo bila malipo. Hivyo kila aliyeandika barua kwa rafiki, mzazi au mwajiri aliitangaza huduma ile bila kukusudia, na kila aliyevutiwa na tangazo akawa mtangazaji naye. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu watumiaji walifikia takriban milioni 12. Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Microsoft iliinunua Hotmail kwa kiasi kinachotajwa kuwa karibu dola milioni 400. Mstari ule chini ya barua ulikuwa, kwa lugha ya Mombasa, jina la leso.

Binti akabadili mwendo. Alijitoa katika vikundi ambavyo hakuwa na haja navyo. Akachagua leso moja kwa siku, wala si zote. Hakupiga picha ya doti nzima, alipiga picha ya maneno yake, yakisomeka wazi, na chini akaandika swali la mamaye: “Hii ungempa nani?” Kwenye kona aliacha jina la kiduka na namba ya simu kwa herufi ndogo. Picha ile hakuituma kwa watu wasiomjua. Aliiweka mahali ambapo marafiki zake wangeiona wakipenda, basi.

Kilichotokea kilimshangaza. Swali lilikuwa linadai jibu, na jibu la swali lile halikuwa kumwandikia mwuzaji bali kumtumia picha mwingine. Mke alimtumia mumewe leso iliyosema “Wema hauozi”. Dada alimtumia nduguye “Akiba haiozi” siku ya mshahara. Mwalimu mmoja aliwatumia wenzake “Usisafirie nyota ya mwenzio” wakati wa mitihani. Aliyepokea naye alimkumbuka mtu wake, akapeleka mbele. Wengine walizinunua leso zenyewe, ili picha iliyokuwa kejeli ya simuni iwe zawadi ya mkononi.

Hesabu ya mambo haya ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, ila wengi wanaojaribu biashara ya mtandaoni huipuuza. Tuseme watu 100 wameiona picha, na kwa ujumla wao wakaifikisha kwa watu wapya 90. Hao 90 watawafikia 81, na 81 watawafikia takriban 73, hadi wimbi linyamaze. Jumla ya walioiona haitazidi 1,000. Lakini mtu mmoja akiwafikishia wawili, na kila mmoja wa hao akawafikishia wawili wengine, hatua ya kumi peke yake ina watu 1,024, na hatua ya ishirini ina zaidi ya milioni moja. Tofauti iliyopo kati ya tangazo linalokufa na tangazo linalovuma, basi, si ukubwa wa umati ulioanza nao. Ni kama kila mpokeaji, kwa wastani, humletea mwenzake zaidi ya mmoja au pungufu ya mmoja. Na mtu hapeleki kitu mbele ili kumtajirisha mwuzaji. Hukipeleka kwa kuwa kinamsaidia yeye mwenyewe kusema jambo: kupenda, kutania, kushauri, au kusuta.

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuja kuwa na uzito.

Wataalamu wa biashara huko Marekani waliupa mtindo huu jina la ugonjwa. Jeffrey Rayport, mwalimu wa somo la biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1996 kuhusu virusi vya uuzaji, na mwaka uliofuata Steve Jurvetson na Tim Draper wakaueneza msamiati huo walipokuwa wakikieleza kisa cha Hotmail. Katika Kiswahili hakuna haja ya kuazima maradhi. Lugha ina kitenzi kuvuma. Ngoma huvuma, upepo huvuma, nyuki huvuma, na sifa za mtu huvuma. Nairobi iliwahi kuona mvumo wa namna hii mwezi wa Machi mwaka 2010, wakati bendi ya Just A Band ilipotoa video ya wimbo wao Ha-He, yenye shujaa aitwaye Makmende. Jina lenyewe lilikuwa la mitaani tangu miaka ya nyuma, likitumiwa kumkejeli anayejifanya jabari. Wasikilizaji hawakutosheka kuitazama video. Walitunga chuku zao wenyewe juu ya nguvu za Makmende, kila mmoja akimpiku mwenzake, hadi vyombo vya habari vya ng’ambo vikaandika habari zake. Umma ulipewa nafasi ya kutia neno lake, nao ukaitumia. Lakini kitenzi kuvuma kina mtoto mwingine, nomino uvumi. Shina moja limezaa sifa na fitina. Lugha ilikuwa imekwisha kuwaonya wenyewe.

Leso iliyovuma kupita zote katika kiduka kile ilikuwa na jina “Umdhaniaye ndiye siye”. Binti aliiweka picha yake Ijumaa jioni. Kufikia Jumanne, watu 130 walikuwa wameagiza na kulipa kwa simu, ilhali doti zilizokuwapo rafuni zilikuwa 24. Si yeye wa kwanza kufikwa na hali hiyo. Mwezi wa Machi mwaka 2012, kampuni changa ya nyembe ya Marekani, Dollar Shave Club, ilitoa video iliyogharimu takriban dola 4,500. Tovuti yake ilizidiwa ikaanguka saa za mwanzo, na kwa siku mbili maagizo yakafika 12,000. Vumo halina subira ya kumngoja mwuzaji ajiandae. Binti alimpigia simu mwuzaji wa jumla, akaahidiwa robota jipya baada ya juma moja. Akapiga hesabu usiku huo: faida ya doti zile ingemaliza kodi yote ya miezi sita na kubakiza akiba kidogo. Alilala akitabasamu.

Jumatano asubuhi jirani yao alikuja dukani. Alikuwa mwanamke wa makamo, rafiki wa mama tangu ujana wao, na mweka hazina wa mchezo wa akina mama ishirini wa mtaa ule. Mwezi huo fungu la mchezo lilikuwa limechelewa, na minong’ono ilikuwa imeanza. Jirani hakuketi kwenye kigoda alichokizoea. Aliitoa simu yake, akawaonyesha picha ya leso. Chini ya maneno “Umdhaniaye ndiye siye” mtu asiyejulikana alikuwa ameongeza jina lake kamili, akafuatisha na swali: “Mchezo wetu uko wapi?” Na kwenye kona, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la kiduka.

“Namba hii ni yenu?” aliuliza.

“Ni yetu,” mama akajibu.

“Haya,” akasema, akaondoka.

Picha ile ilikuwa imekwisha kupata alama ya mishale miwili, ambayo WhatsApp huiweka kwenye ujumbe uliopita mikono mingi. Tangu Aprili mwaka 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa mbele kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja, kikwazo kilichowekwa kupunguza kasi ya uzushi. Kilipunguza mwendo, hakikuuzuia. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuiona.

“Lakini Mama, si mimi niliyeliandika jina lake,” binti alisema.

“Si wewe,” mama akamjibu. “Ila kisu ni chetu.” Akanyamaza kidogo akikunja leso iliyokuwa mbele yake. “Mwanangu, kijembe cha leso chajulikana kimetupwa na nani, kwa maana mvaaji yumo ndani yake. Akikuvalia, nawe waweza kumvalia. Hiki chako hakina mvaaji. Atajibiwa nani?”

Binti alikuwa ameandika insha nyingi chuoni kuhusu mafumbo, lakini hakuwahi kuliona jambo hili. Fumbo la leso lina mipaka yake. Linategemea mahali, wakati, mvaaji na mlengwa. Wasiohusika hupita na kuona kitambaa tu. Utata wake ndio adabu yake, kwa sababu anayesutwa anaweza kujifanya hakuelewa, na maisha yakaendelea. Picha iliyosafiri simuni ilikuwa imevuliwa stara hiyo. Fumbo lilikuwa limefumbuliwa kwa nguvu, likatiwa jina la mtu, na lile jina la kiduka kwenye kona, ambalo lilikusudiwa liwe tangazo, likageuka saini ya matusi. Mtego uleule ulioleta wateja ndio uliomnasa jirani.

Maagizo yalikuwa yakiendelea kuingia. Mwuzaji wa jumla alithibitisha kuwa robota limefika. Kwa siku mbili binti alizunguka na hesabu zake kichwani, na hakuna aliyemlazimisha lolote. Hata mama hakusema tena. Mwishowe aliwapelekea wateja 24 wa mwanzo doti zao, kwa kuwa mali yao ilikuwapo na ahadi ni deni. Wale 106 waliobaki akawarejeshea fedha zao, ada za kutuma akazilipa yeye, akawaeleza kwamba leso ile haitauzwa tena kwa simu. Baadhi walishukuru. Wengine walimwita tapeli, na neno hilo nalo likapata mabawa kwa siku chache. Picha aliifuta kwake, ingawa alijua kuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Kisha akajaribu kuomba radhi kwa njia ileile aliyokosea. Alitunga maneno mazuri, bila kulitaja jina la jirani asije akalieneza upya, akayaweka pale alipokuwa akiweka picha zake. Waliyaona wachache. Hakuna aliyeyapeleka mbele. Hapo alitambua kanuni ambayo hakuna kitabu cha biashara kilichomfunza: kinachovuma ni kile kinachompa apelekaye neno la kusema, na radhi ya mtu mwingine haimpi mtu neno. Kwa hivyo alivaa buibui lake, akaifuata milango ya wanawake wale ishirini mmoja baada ya mwingine, akapiga hodi, akaamkia, akaketi, akaeleza. Ilimchukua siku nne. Leso ilikuwa imejiuza kwa siku tano bila yeye kuinuka kitini. Kosa ilimbidi alitembeze kwa miguu.

Kodi ililipwa polepole, kwa miezi mingi. Cha ajabu ni kwamba wengi wa wale waliorejeshewa fedha walirudi, na waliporudi walikuja na watu. Binti hakuacha kuuza kwa simu. Aliendelea kuweka leso moja kwa siku pamoja na swali la mamaye, ila majina ya vijembe aliyaacha rafuni, yamngoje mnunuzi atakayeingia kwa miguu yake na kuonekana uso.

Mchezo wa akina mama ulifanya kikao cha hesabu miezi miwili baadaye. Ilibainika kwamba fungu lilikuwa limechelewa kwa sababu wanachama wawili walikuwa wameshindwa kutoa, mmoja akiwa na mgonjwa hospitalini, na mweka hazina alikuwa amewasitiri. Asingeweza kujitetea bila kuwaanika, na alichagua kunyamaza. Fedha zote zilikuwa zimetimia.

Siku moja kabla ya kikao hicho, jirani alikuwa ameingia dukani. Safari hii aliketi kwenye kigoda. Binti alimwamkia, naye akaitikia. “Niletee ile,” alisema. Binti alisita, asijue kama ameelewa. “Ile ile,” jirani akarudia. Mama alitaka kumpa bure, naye akakataa. Alitaka kumpunguzia, akakataa pia. Alihesabu fedha kamili, akaikunja doti yake, akaaga.

Alikwenda nayo kikaoni, amejifunga moja na nyingine ametupia mabegani, pindo likisomeka vizuri kwa kila aliyekuwa nyuma yake: “Umdhaniaye ndiye siye”. Maneno yalikuwa yaleyale. Aliyeyavaa alikuwa mwingine, na maana ilikuwa imegeuka kichwa chini miguu juu. Wanawake waliyasoma, wakatazamana, wakainamisha macho. Hakuna aliyesema kitu, na hapakuwa na haja. Binti alikuwa ameketi karibu na mlango kando ya mamaye, simu ikiwa mkobani mwake. Aliliangalia pindo lile hadi jirani alipoketi. Hakupiga picha.